Mr. Bean's Holiday: MSIITAZAME ILIYOTAFSIRIWA! (Uchambuzi)

Mambo vipi, mambo vipi! Karibuni tena, ni sisi wale wale wa Kirumba, Mwanza. Mkisikia bodaboda na kelele za mwaloni msishangae, dirisha nimeliacha wazi, humu ndani joto halivumiliki. Kabla sijaanza, bonyeza kengele hapo chini. Umebonyeza? Haya.

Leo nimekasirishwa na muvi ya kuchekesha. Ndiyo, inawezekana. Nimeingia kibanda umiza kimoja, sikitaji, nakuta wameweka Mr. Bean's Holiday, ile ya 2007. Nikasema leo mbavu zangu zitaniuma. Weee! Mtafsiri kaanza kuongea kabla Bean hajatoka kwao London. Bean anatembea, mtafsiri: "Anatembea." Bean anageuka, mtafsiri: "Kageuka huyoo!" Jamani, Bean haongei! Neno lake kubwa humo ni "oui". Sasa kaka, unatafsiri nini?

Watafsiri siwadharau, tusielewane vibaya. Muvi za ngumi za Kichina na za Kihindi, nusu ya utamu ni mdomo wa mtafsiri. Lakini hii iache. Hii bibi yangu wa Sengerema kaitazama na Kisukuma chake, akalia machozi kwa kucheka, hakuuliza hata swali moja.

Stori siisimulii, mnaijua. Bahati nasibu ya kanisani, Bean kashinda safari ya Cannes, kusini kule Ufaransa, na kamera ya video juu. Njiani anavuruga kila kitu, mpaka mtoto wa watu anaachana na baba yake. Rowan Atkinson mnamjua, ndiye Bean mwenyewe, Steve Bendelack ndiye kaongoza, dakika 90 hivi. Tusonge.

Ninachotaka kuwaonyesha ni pale kwenye chaza. Dogo, sogeza kamera, waone sahani. Bean yuko Paris, treni imemwacha kwa sababu tai yake imenaswa kwenye mashine ya kuuza vitafunwa. Anaingia mgahawa wa hapo hapo stesheni, Le Train Bleu. Ni mgahawa wa kweli, upo ndani ya Gare de Lyon tangu 1901, dari limechorwa kama kanisa. Mhudumu anamuuliza hiki, oui. Kile, oui. Inaletwa sahani ya vyakula vya baharini, mlima! Chaza wabichi, na kamba wakubwa wenye makucha.

Chaza sina. Nina mlenda uliolala. Umepoa, unavutika, huu hapa kwenye kijiko. Sasa niangalieni usoni, msiangalie kijiko.

Hatua ya kwanza, anaingiza mdomoni. Mmh. Ona macho. Yamesimama. Shavu halicheki wala halilii. Wewe na mimi hapo tungetema. Bean hatemi, na utamu wote uko hapo! Mhudumu anamwangalia, watu wa heshima wamekaa pembeni, na yeye kavaa koti la kahawia na tai nyekundu. Anafanyaje? Anatabasamu. Hivi. Huku kitu bado kiko mdomoni. Subirini nimeze... nimemeza. Dogo anacheka nyuma ya kamera, mnamsikia? Mlenda wenyewe haukuchekesha. Kaanza kucheka nilipojifanya nimeupenda.

Hatua ya pili, waliobaki anawapeleka kwenye kitambaa cha meza, mmoja mmoja, anatafuna hewa, anatikisa kichwa kama anayesifia mapishi. Kitambaa kimejaa. Kiende wapi? Pembeni kuna pochi ya mama wa watu, iko wazi. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anamimina. Halafu Bendelack hana haraka. Anatuacha tukae na ile siri. Mimi najua, wewe unajua, mwenye pochi hajui. Muda wote unangoja mkono wa yule mama uingie mle ndani. Ukiingia, kibanda kizima kinapiga yowe. Lakini sisi siku hiyo mtafsiri alishatuambia, "Atashika chaza sasa hivi!" Kaka, nirudishie hela yangu.

Kamba nao kawatafuna na gamba, kichwa, makucha, kraa kraa kraa. Hapo kidogo nilimtetea. Sisi dagaa wetu tunakula na kichwa na macho, nani anatucheka?

Sasa kuna vijana wa vichekesho mitandaoni, wengine wa hapa hapa mjini, nawafuatilia na nawapenda, lakini mnaniudhi. Mtu anateleza kwenye jabali, sawa, tuna majabali ya kutosha. Kabla hajafika chini mmeweka mlio wa "boing". Kafika chini, mmeweka watu wanacheka. Halafu mmerudia polepole, mara tatu! Mtu kuanguka tu hakutoshi. Mimi nataka kumwona akiinuka, anajikung'uta, anaangalia kama kuna aliyemwona, anaanza kupiga mluzi. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, tulimpoteza Agosti 2018, yeye hakuhitaji mlio wowote. Alikuwa anasimama tu, anakuangalia, umeshakwisha. Na kamera ilikuwa inamwona mzima, kuanzia kichwa hadi viatu. Ukimkata miguu mchekeshaji unataka acheze na nini?

Si kitu kipya lakini. Jacques Tati, mchekeshaji wa muvi Mfaransa, alishampeleka mtu wake Hulot likizo pwani mwaka 1953, karibu bila maneno. Ukimtazama Bean kule pwani unaona kabisa mkono wa Tati upo.

Na kuku! Nilitaka kusahau kuku. Bean kacheza sokoni mpaka kapata hela ya tiketi ya basi la Cannes, tiketi inapeperuka, inanata kwenye mguu wa kuku, kuku anapakiwa kwenye gari. Bean anachukua baiskeli, anafukuzia. Anafika shambani, kuku maelfu! Aliyewahi kutumwa akamate jogoo wakati wageni wameshaketi anajua ile pumzi.

Sasa siwafichi, katikati inalegea. Akishakutana na yule dada mwigizaji, Sabine, maongezi yanaongezeka na mimi nilianza kuangalia simu. Nilitaka kuipa nane kwa kumi, nikashusha saba. Halafu ikafika Cannes kwenyewe, kwenye tamasha la muvi. Kuna mwongozaji mmoja anajiona sana, Carson Clay, Willem Dafoe ndiye kamcheza, muvi yake nzito, ukumbi mzima unasinzia. Bean anaingiza video zake za likizo kwenye ule mtambo, watu wanaamka. Dafoe kacheza bila kucheka hata kidogo, na inachekesha balaa. Nairudisha nane. Nane na nusu kwa ajili ya kuku.

Bei. Mtandaoni, ukitumia bando dogo, linakata kabla Bean hajafika Cannes, nimekuonya. Ukiipata kwenye DVD halisi, chukua, picha ya mle mgahawani ni safi, unaona mpaka jasho. Za kwenye flashi nyingi zimekatwa kichwa na miguu ili zijae skrini ya simu, na nimeshasema kuhusu miguu.

Habari za chaneli: Jumamosi tuko laivu, tunapambanisha sabufa mbili za bei ya chini, ile mliyoniambia ni mbovu na ile mliyoniambia ni mbovu zaidi. Yule aliyeandika kwamba sauti yangu inakwaruza, shikamoo, maikrofoni mpya iko njiani.

Na wenye vibanda mnaotazama hapa, Igoma, Buzuruga, Mabatini, popote: yeyote atakayeweka Mr. Bean's Holiday bila mtafsiri aandike hapo chini siku na saa. Nakuja na bibi, kiingilio nalipa mimi. Dogo, zima, huu mlenda umeanza kunirudi.