Miaka sita na sarafu za fedha za idadi maalumu: tembo, joka na merikebu

Kama unafikiria kununua sarafu za madini ya fedha zinazotengenezwa kwa idadi maalumu, swali la kwanza lisiwe zimetoka ngapi. Uliza ni nani atakayezitaka siku utakapotaka kuziuza. Mimi nilianza mwaka 2019 bila kuuliza hilo, na jibu nimelipata polepole kwa pesa zangu mwenyewe.

Nimezaliwa Mombasa, na sasa ni muuguzi hapa Munich. Kilichonivuta ni tembo wa Somalia. Sarafu yake ina jina la Jamhuri ya Somalia na imeandikwa shilingi 100, lakini hutengenezwa hapahapa Munich, katika kiwanda cha sarafu cha jimbo la Bavaria, Bayerisches Hauptmünzamt. Upande mmoja una nembo ya Somalia, chui wawili wakiishika ngao yenye nyota. Upande wa pili ni tembo, na kila mwaka anakuja na sura mpya: mara yuko peke yake, mara na mwanawe. Ni wakia moja ya fedha safi, yaani gramu 31.1, upana wake milimita 39. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye kioo cha duka nilisimama pale hadi basi langu likapita. Kuona shilingi mkononi mwa muuzaji wa Kijerumani, na mnyama wa kwetu juu yake, kulinigusa sana.

Niliinunua yuro 22. Madini yaliyomo wakati ule yalikuwa na thamani ya yuro 15 hivi. Zile yuro 7 za juu ndizo roho ya biashara hii yote. Ukinunua sarafu ya idadi maalumu unalipia vitu viwili, uzito wa fedha na hamu ya watu kuipata. Uzito una bei ya soko la dunia, utaiona hata kwenye simu. Hamu haina soko la dunia.

Jambo la kodi nalitaja haraka. Huku Ulaya dhahabu ya uwekezaji haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, fedha inatozwa, kwa hiyo mnunuzi wa fedha huanza safari akiwa nyuma. Kwa Ujerumani kuna nafuu moja: mtu binafsi akikaa na sarafu zake zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuziuza, faida yake haikatwi kodi ya mapato. Ndiyo maana naandika tarehe ya kila ununuzi kwenye daftari na risiti nazihifadhi.

Sasa nije kwenye somo langu kubwa. Mwaka 2020 nilinunua sarafu tano za Rwanda zenye picha ya Mayflower, ile merikebu iliyowapeleka Waingereza Marekani mwaka 1620. Zilitengenezwa 50,000 tu. Upande wa nyuma pana nembo ya Rwanda na neno Amafaranga, na nilifurahi kulisoma. Nikajiambia, kama sarafu ya ndege Kookaburra wa Australia inatolewa hadi 500,000 kwa mwaka, na sarafu za wanyama wa kalenda ya Kichina kutoka Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, zina kikomo cha 300,000, basi hii ya 50,000 lazima itapanda kuliko zote. Hesabu ilionekana wazi kabisa.

Mwaka huohuo mzee mmoja wa hapa mtaani alikuwa akiuza makusanyo yake, nikachukua kwake joka la Perth la 2012, mmoja wa wanyama wale wa kalenda, kwa yuro 55. Roho iliniuma, maana kwa pesa hiyo ningepata wakia mbili. Februari 2021 bei ya fedha ilipanda ghafla, nami nikahitaji pesa za matibabu ya mama. Nikabeba merikebu zote tano na lile joka hadi dukani. Muuzaji alizitazama merikebu, akaziweka kando kama mtu anayepanga sahani, akanipa bei iliyozidi kidogo tu ile ya madini. Alipofika kwenye joka alichukua kioo cha kukuzia, akaligeuza mara mbili, akaniuliza kama ninalo jingine. Bei aliyonipa kwa joka moja ilizidi merikebu mbili kwa pamoja.

Majoka yalikuwa mengi mara sita kuliko merikebu! Lakini joka linatafutwa na aliyezaliwa mwaka wa joka, na anayemnunulia mtoto aliyezaliwa mwaka huo, na kila anayetaka kukamilisha wanyama wote kumi na wawili. Wanaoitafuta Mayflower yenye nembo ya Rwanda ni wachache, na wengi wao walishainunua ilipotoka. Uchache usio na mtafutaji hauongezi hata senti. Hata kwa tembo wangu ni hivyo: wale wa mwanzo, wa 2004 na miaka michache iliyofuata, huuzwa mara kadhaa ya thamani ya madini yao kwa sababu wapo watu wengi walioanza baadaye wanaotaka kujaza pengo. Mimi ni mmoja wao, na wa 2004 sijamudu bado.

Kuna jambo jingine linaloumiza, nalo ni madoa meupe. Wakusanyaji huyaita madoa ya maziwa, na yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya sarafu kutoka kiwandani, hata kama hukuigusa. Kwa uzito hayapunguzi kitu, kwa bei ya mkusanyaji yanaua. Tembo wangu wa 2021 nilimwagiza kwa mtandao kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Alifika na alama ya kidole gumba shavuni, na doa jeupe karibu na mkonga. Nikaandika kulalamika, nikajibiwa kwamba sarafu za uwekezaji haziuzwi kwa ahadi ya kutokuwa na doa, na kurudisha hairuhusiwi. Tangu siku hiyo nanunua kwa mkono, naitazama sarafu dukani chini ya taa, na naishika ukingoni. Wala usithubutu kuisugua kwa dawa ya meno au majivu kama tunavyosugua sufuria. Sarafu iliyosuguliwa haiwi ya mkusanyaji tena, inabaki kipande cha fedha tu.

Desemba 2023 nilikwenda nyumbani na tembo mmoja mfukoni. Nilimpelekea sonara wa Mji wa Kale ambaye mama alizoea kumpa bangili zake. Baada ya shikamoo na habari za safari nikamwekea sarafu mezani.

"Hii ni pesa ya Somalia?" akauliza.

"Ndiyo, mzee, lakini ni fedha tupu."

Akaitoa kwenye kapsuli, kile kikasha cha plastiki cha kuilinda, mkono wa pili ukiwa tayari kwenye jiwe la kupimia. Nikamuomba asiikwaruze. Hakukasirika. Akaiweka kwenye mizani, ikasoma 31.1, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Mwanangu, mimi nitaiyeyusha. Tembo atakwisha. Nakupa bei ya uzito, na hapo nitoe moto wangu na jasho langu."

Bei yake ilikuwa chini ya madini, na ilikuwa bei ya haki kwake, kwa kuwa mteja wake anataka pete na vikuku. Kisha akavuta droo, akatoa sarafu nene iliyolainika. Reale! Ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria, yenye mwaka 1780, mwaka aliofariki. Baada yake iliendelea kutengenezwa Vienna, na baadaye hata London na Bombay, kwa mwaka uleule wa 1780, bila kikomo cha idadi. Ina gramu 28 hivi, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.4 tu. Wazee wetu wa pwani walipima wakia yao kwa uzito wake, si hii ya gramu 31.1.

"Hii Lamu, Unguja, hata Maskati, mtu ukimpa hakuulizi," mzee akasema.

Nilirudi nayo Munich. Tembo nilimrudisha pia.

Oktoba 2025, bei ya fedha ilipopita dola 50 kwa wakia, nilipita tena dukani kuuliza. Kwa tembo wangu wa miaka ya karibuni walitoa bei ileile ya Philharmoniker, sarafu ya fedha ya kawaida ya Austria, ambayo haina kikomo cha idadi. Madini yakipanda sana ile nyongeza humezwa, kwani anayekuja wakati huo anataka uzito, hana habari na picha. Kwa hiyo sasa katika kila sarafu kumi ninazonunua, saba ni Philharmoniker, na hizo ndizo akiba yangu. Tatu zinazobaki ni tembo na wanyama wa Perth, nazo nanunua kwa sababu nawapenda, na kwa sababu najua wapo wengine wengi wanaowapenda. Kwa tembo natoa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa ajili ya madoa. Merikebu napa 2, ingawa kazi ya mchoro ni nzuri na matanga yake unayahesabu moja moja.

Reale ya yule mzee ina tundu juu ya kichwa cha malkia, maana iliwahi kuvaliwa kidani. Hiyo sikuitia kapsuli. Iko kwenye droo ya sebuleni, na binti yangu huitoa kuwaonyesha wenzake wa shule.