Seva pepe ya kukodi: uzoefu wangu wa wiki ya giza Mwaloni Kirumba

Sina ugomvi na mashine pepe zenyewe, yaani seva zinazoundwa kwa programu ndani ya kompyuta moja kubwa. Ugomvi wangu ni na kampuni ya hapa Mwanza iliyotukodisha, na hasa na fundi wake aliyepokea simu yangu siku wanachama wetu walipopanga foleni hadi nje ya mlango. Ninasimamia mfumo wa mikopo wa chama cha akiba cha wafanyabiashara wa dagaa, na wanaotujua wanajua kwamba kazi yetu haifuati tarehe za mishahara. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hubaki ufukoni na mfumo wetu karibu unasinzia. Giza likiingia, wachuuzi humiminika kuchukua mtaji kwa pamoja.

Ndiyo maana nilipoelezwa kwamba mashine moja kubwa ingegawanywa kwa programu kati yetu na wateja wengine, niliafiki bila shida. Wenzetu hubanwa mwisho wa mwezi, sisi hubanwa na mwezi wa angani, hivyo kila mmoja angetumia nguvu ambazo mwenzake amezipumzisha. Hoja hiyo ni halali na ina umri mkubwa: wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakiwagawia watu wengi meinfremu moja, yaani kompyuta kubwa ya taasisi, kwa mashine pepe tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370, programu ya kuendesha mashine pepe.

Kisha giza likaangukia mwisho wa mwezi. Ukurasa wa kuidhinisha mkopo ulizunguka tu bila kufunguka, na mama mmoja aliyekuwa na risiti zake zote mkononi akaondoka akisema bora akachukue kausha damu kuliko kukosa mzigo. Nilifungua programu ya top nikaangalia safu ya st, ambayo huonyesha asilimia ya muda ambao mashine pepe iko tayari kufanya kazi lakini prosesa halisi inawahudumia wengine. Ilikuwa imepita 40. Nikampigia fundi nikamsomea tarakimu hiyo, naye akacheka: «Mzee wangu, dagaa na seva wapi na wapi? Programu yenu ndiyo mbovu, izimeni muiwashe.» Nikaizima, na kwa kuwa prosesa ilikuwa bado imekabwa, kuiwasha kukachukua muda mrefu kuliko foleni ilivyoweza kuvumilia. Baadaye ndipo nilipobaini kwamba walikuwa wamewauzia wateja nguvu nyingi kuliko zilizokuwemo ndani ya chuma, kama konda anayesema nafasi ipo, sogeeni nyuma.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ya tatizo hili inajulikana. Mwaka 1988 IBM ilileta PR/SM katika meinfremu zake za 3090, ambayo huigawa mashine katika sehemu zinazojitegemea. Kila sehemu hupewa uzito wake: wote wakiitaka prosesa kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata angalau fungu lake, na anayepumzika fungu lake hutumiwa na wengine, isipokuwa pale msimamizi alipoweka kikomo. Memori haiazimwi hivyo. Kila sehemu hukaa na yake, ilhali z/VM, iliyo mrithi wa VM/370, inaweza kuwaahidi wateja memori kubwa kuliko iliyopo na kuihamishia ziada kwenye diski. Niwe mkweli, hata PR/SM ni programu iliyofichwa ndani ya mashine, na z/VM nayo inaweza kupangiwa mafungu, kwa hiyo kampuni yetu haiwezi kusingizia teknolojia.

Kampuni hiyo hiyo ilituhamishia kwenye seva yenye prosesa na memori zilizotengwa kwa ajili yetu pekee, kwa bei iliyomfanya mweka hazina avue miwani. Kasi ni nzuri sana, na nilikuwa tayari kuisifu huduma hii waziwazi. Lakini mbalamwezi ikirudi tunalipia chuma kilicholala, na tulipohitaji memori zaidi ilitubidi kuizima seva na kusubiri fundi apate nafasi, jambo ambalo kule kwenye mashine pepe lilimalizika kwa simu moja. Kuna siku nimeitamani ile ya zamani.

Basi mwenye duka dogo ambaye wateja wake hawaji kwa mkupuo ningemshauri akodi mashine pepe yao, ni nafuu na mara nyingi inatosha. Hapana, narudi nyuma: asikodi kabla hawajaandika kwenye mkataba kiwango cha chini cha prosesa atakachopata majirani wakielemea. Mimi nililiomba hilo baada ya ile wiki, wakanijibu kwamba mkataba ni mmoja kwa wateja wote, na ankara ya mwezi ule wakaileta kamili. Nyota moja.