Uzoefu wangu na saruji ya pozolana: tanuri la mikate na ukuta wa upande wa bahari, Wete

Nina bekari ya boflo hapa Wete, na tanuri letu ni la kuni. Mwenye tanuri anaijua adha ya kuba kupasuka: unalisiliba kwa saruji nzito, linapendeza, kisha nyufa zinatambaa kutoka mdomoni kwenda juu na moshi unatokea usipotakiwa. Tulipolijenga upya tuliiacha saruji ya 42.5, ile yenye nguvu zaidi, tukatumia ya pozolana ya 32.5 iliyochanganywa na chokaa. Masika yamepita, vuli imepita, na tunaoka kila alfajiri. Nimeridhika nayo, ila ina masharti yake.

Kwanza soma mfuko. Wangu umeandikwa CEM IV/B 32.5, maana yake klinka, yale mawe yaliyochomwa ambayo ndiyo kiini cha saruji, imepunguzwa na kati ya asilimia 36 na 55 ni pozolana. Kwa Tanzania hiyo ni mawe na majivu ya volkano, kama yanayochimbwa Mbeya. Klinka huchomwa kiwandani hadi nyuzi joto 1,450 hivi, na mbali na moshi wa makaa, mawe ya chokaa yenyewe yakiungua hutoa karibu nusu tani ya hewa ya ukaa kwa kila tani ya klinka. Majivu ya volkano yalishachomwa na ardhi, yanataka kusagwa tu. Sisi ni watu wa kisiwani, bahari inapanda na mashamba ya mpunga yanaingia maji ya chumvi, kwa hiyo jambo hili kwangu lina uzito kabla hata sijaulizia bei.

Sasa moto. Saruji ya kawaida ikishaganda hubakisha chokaa nyingi ndani yake. Joto likifika nyuzi 400 hadi 500, chokaa hiyo inapoteza maji yake. Tanuri likipoa na unyevu wa hewa ukaingia, inanyonya maji upya, inavimba, na lipu inachanika. Ndiyo maana kuba la zamani lilikuwa likipasuka zaidi tukifunga kwa Sikukuu, hasa mvua zikinyesha, kuliko siku za kazi. Pozolana inaila chokaa hiyo na kuigeuza gundi, basi cha kuvimba kinabaki kidogo. Kuba letu la sasa lina nyufa nyembamba za juujuu karibu na mdomo, hazijapanuka, na moshi haupiti.

Kipimo cha fundi wetu kilikuwa ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa iliyolowekwa, sita za mchanga, na kwa kuba, badala ya nusu ya mchanga huo, akaweka matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Tofali limeshapita motoni, halishtuki. Chokaa nayo inaacha vitundu vya kutolea mvuke. Mchanganyiko mgumu mno ukipashwa ghafla huruka vipande. Ndani kabisa, moto unapogusa, hatukutia saruji hii hata kidogo. Matofali ya huko yameshikwa kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Muuzaji akikwambia pozolana ni saruji ya moto, usimsikilize: inastahimili joto la ganda la nje, haiwezi kulambwa na ndimi za moto.

Ukuta wa nyuma unaoelekea bahari ni wa mawe na chokaa tangu zama za wazee. Uliwahi kupigwa lipu ya saruji kali, unyevu ukafungika ndani, chumvi ikaisukuma lipu hadi ikabanduka kama ganda la yai. Huu mchanganyiko mpya unaupa ukuta nafasi ya kupumua, na umeshika. Chini kabisa bado panatoka weupe wa chumvi, siwezi kusema umekwisha. Lakini ukienda kwenye magofu ya kale ya Ras Mkumbuu, hapa Pemba, utaona kuta za mawe na chokaa zilizokaa karne nyingi na upepo wa bahari, na sasa naelewa kwa nini.

Kinachochosha ni kusubiri. Hiyo 32.5 ni nguvu inayopimwa siku ya 28, na pozolana inaendelea kukomaa baada ya hapo. Wiki ya kwanza bado changa. Tulifunika kuba kwa magunia ya karafuu yaliyoloweshwa, tukamwagia asubuhi na jioni. Vijana walitaka kuwasha, fundi akawazuia: "Wanangu, hii haitaki pupa." Hata baadaye tulianza kwa moto mdogo wa makumbi, tukauongeza kidogo kidogo. Kama bekari yako haiwezi kufungwa muda huo, usianze.

Angalia pia umri wa mfuko. Saruji hufika kwetu kwa chombo, na unyevu wa safari unaigandisha. Ubonyeze kabla ya kulipa. Ukikuta madonge yasiyovunjika kwa vidole, rudisha. Nyumbani uweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwenye nguzo na linta ya mlango tulibaki na 42.5. Huko panatakiwa nguvu ya mapema, na sikuona sababu ya kujaribu.