Shule ndogo ya Kikristo anakosoma mjukuu wangu: maoni ya babu aliyefundisha hesabu

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi, tena katika madarasa makubwa ambamo mwalimu humjua mwanafunzi kwa alama zake kabla ya kumjua kwa sura. Binti yangu aliponiomba twende pamoja kuiangalia shule ndogo ya kanisa aliyotaka kumpeleka mwanawe, nilikwenda na jicho la kazi yangu. Majengo sikuyatazama sana. Niliomba kuona madaftari. Sasa mjukuu wangu anasoma hapo, nami nawaandikia wazazi wanaofikiria shule ya namna hiyo. Jina la shule naliacha, kwa kuwa nitataja na mapungufu.

Madaftari yalisema mengi. Kando ya kila kosa mwalimu alikuwa ameandika mtoto alipopotelea: hapa umesahau kukopa, hapa umegawanya kabla ya kujumlisha. Mwalimu mwenye watoto kumi na wachache anaweza kufanya hivyo kila siku. Mwenye mia hawezi, hata awe na moyo wa namna gani.

Siku inaanza na ibada fupi: wimbo, sala, na sura moja ya Mithali. Kitabu hicho kina sura 31, hivyo tarehe ya siku ndiyo sura ya siku. Mtoto asiyefika hutajwa kwa jina katika sala, na kabla ya mapumziko mwalimu ameshapiga simu nyumbani kwao. Jambo hili la pili ndilo lililonifanya niiamini ile sala.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba dini ingeyameza masomo, hesabu zifundishwe kivivu kisha wote wainamishe vichwa kuomba. Nikaketi nyuma ya darasa. Walikuwa wametoka kusoma Yohana 21, pale wavu unapovutwa ufuoni ukiwa na samaki 153. Mwalimu akaiandika namba hiyo ubaoni na kuuliza: ukijumlisha moja, mbili, tatu, uende mbele bila kuruka, utaifikia? Wadogo wakaanza kuhesabu kwa vijiti. Ukifika 17, jumla ni 153 kamili. Wakubwa wakatakiwa kutafuta njia fupi, na msichana mmoja akaipata: 1 na 17 ni 18, 2 na 16 ni 18, jozi nane za namna hiyo, na 9 inabaki katikati peke yake. Kisha mwalimu akawapa kazi ya nyumbani: chukueni 1, 5 na 3, kila moja muizidishe yenyewe mara tatu, mjumlishe. Zinatoka 1, 125 na 27, na jumla yake ni 153 tena. Hakudai kwamba hiyo ndiyo siri ya mstari ule, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alisema kwamba mtu fulani pale ufuoni aliwahesabu samaki wale mmoja mmoja, basi nasi tuhesabu.

Siku nyingine walitoka na kamba kupima safina ya Nuhu: mikono 300 kwa 50 kwa 30. Urefu haukuenea uwanjani, wakapima upana tu, kila kundi kwa mkono wa mtoto wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Majibu yakatofautiana kwa hatua kadhaa na ubishi ukawa mkali. Ndipo mwalimu akaeleza kwa nini watu walihitaji kipimo kimoja, na jinsi Ufaransa ilivyoweka mfumo wa mita kisheria mwaka 1795. Somo hilo mjukuu wangu alinisimulia lote mezani, bila kuulizwa.

Chumba kimoja kina madarasa mawili, wakati mwingine matatu, na wakubwa huwafundisha wadogo. Si jambo jipya. Andrew Bell, kasisi Mwanglikana, alilitumia katika shule ya yatima huko Madras, India, na Joseph Lancaster, Mkristo wa dhehebu la Quaker, akafungua shule yake London mwaka 1798. Wao walikuwa na watoto wengi mno na walimu wachache. Hapa watoto wenyewe ni wachache, na faida naiona kwa yule mkubwa: anayemweleza mdogo sehemu za kumi analazimika kuzielewa yeye kwanza.

Maswali magumu yanaruhusiwa. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini Mungu alimwacha Ayubu ateseke. Mwalimu alimkumbusha kwamba marafiki wa Ayubu walikuwa na majibu ya haraka, na mwishoni wao ndio waliokemewa. Hakumfunga mdomo. Swali bado analo.

Sasa mapungufu. Mtoto asiyemaliza kazi alikuwa akiandikishwa zaburi, mstari uleule ukurasa mzima. Hili lilinikera kwa dhati. Watoto hawa hawa wanakariri vipande vya Zaburi 119, yenye mistari 176 iliyopangwa minane minane kufuata herufi 22 za Kiebrania, nao hujivunia. Huwezi kumfundisha mtoto kulipenda neno asubuhi, jioni ukalifanya fimbo. Sheria ya shule kuhusu malalamiko ni Mathayo 18: umwendee mwenzako kwanza, wewe na yeye peke yenu. Nikamwendea mwalimu mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, na siku hizi anayechelewa kazi anabaki akiimaliza, basi.

Udogo wenyewe una gharama. Mjukuu wangu ana marafiki wawili tu wa rika lake, na wiki waliyokosana hakuwa na kwa kukimbilia. Mwalimu mmoja akiondoka, somo lake linayumba hadi apatikane mwingine. Timu ya mpira huchanganya warefu na wafupi. Na maabara ni kabati moja.

Kwa mtoto wa madarasa ya chini naipendekeza bila kusita, mradi mmeona cheti cha usajili na mmehakikisha kwamba mtaala unaofuatwa unamwezesha kufanya mitihani ya taifa. Kwa madarasa ya juu, ombeni kwanza daftari la sayansi. Kama majaribio yamenakiliwa ubaoni badala ya kufanywa kwa mikono, tafuteni shule nyingine, hata kama ibada ya hapo imewagusa. Binti yangu na mimi tumekubaliana hivyo: mjukuu atamaliza msingi hapo alipo, kisha tutamhamishia penye maabara.