TAHADHARI: Wanaouza rangi ya mafuta kwa jina la epoksi ya sakafu

Kwa wasimamizi wa majengo, wakuu wa shule na wenye zahanati, Kampala na kwingineko nchini Uganda: lipo kundi la mafundi linalopita kwenye majengo mapya likijinadi kupaka epoksi, yaani rangi ngumu inayokaza kwa kemikali, juu ya sakafu za zege kwa bei iliyo chini mno ya soko, nalo hudai sehemu kubwa ya malipo kwa simu kabla kazi haijaanza. Jina lao silitaji, kwa kuwa lalamiko letu liko polisi na jina lenyewe hubadilishwa mara kwa mara. Kinachofaa kujulikana ni namna wanavyofanya kazi.

Katika zahanati tunayoisimamia, sakafu ya chumba cha kusubiria ilifagiwa, ikamwagiwa maji, na jioni hiyo hiyo ikapakwa. Kabla mvua za masika hazijakwisha, rangi ilikuwa imefanya malengelenge na kubanduka vipande vipande, hasa mlangoni. Makopo yalikuwa na lebo ya epoksi, lakini ndani mlikuwa na rangi ya mafuta ya kawaida. Zege lina alikali, yaani kemikali ya jamii ya magadi, na likiwa na unyevu alikali hiyo huyageuza mafuta ya rangi kuwa kitu cha namna ya sabuni, hivyo rangi huachana na sakafu kuanzia chini hata ikipakwa mara tatu.

Epoksi halisi ya sakafu huja katika vyombo viwili, rezini (utomvu ulio rangi yenyewe) na kikazishi (kinachoufanya ukaze), ambavyo huchanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji, na vikishachanganywa huanza kukaza humo humo chomboni. Fundi akifungua kopo moja tu, akapaka, kisha akalifunika ili aendelee kesho, msimamisheni papo hapo.

Hata hivyo, epoksi bora nayo haishiki juu ya sakafu isiyoandaliwa, na hapa ndipo wizi mkubwa ulipo, kwa sababu maandalizi ndiyo yanayokula muda na fedha, na yakishafunikwa kwa rangi hakuna anayeyaona. Zege jipya kwa kawaida huachwa siku 28 kabla ya kupakwa. Utando dhaifu wa saruji ulio juu yake lazima uondolewe kwa mashine ya kusaga yenye meno ya almasi, vumbi lifyonzwe, nyufa zizibwe. Dondosheni maji juu ya sakafu iliyosagwa: yakinywewa ni dalili njema, yakisimama kuna mafuta au utando uliobaki. Kupima unyevu nako hakuhitaji mtaalamu: bandikeni nailoni ya sentimita 45 kwa 45, kingo zote zikizibwa kwa utepe, muiache angalau saa 16; mkikuta matone chini yake, au zege limekolea rangi, msiruhusu kupaka. Kwa majengo ya mabondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu, kipimo hiki kisirukwe kamwe.

Kundi hilo huuza pia huduma ya kung'arisha zege, ambayo kwao ni kupaka nta tu, bila kulisaga zege lenyewe.

Fungueni makopo wenyewe, na mlipe kwa hatua, ya kwanza ikiwa baada ya kusaga. Ambaye sakafu yake imeshaharibika asikwangue yote: abakize kipande pamoja na makopo, kisha alalamike polisi na kwa UNBS, shirika la viwango la taifa. Waliokumbana na kundi hili naomba waniandikie faraghani ili malalamiko yetu yaunganishwe.