Studio ya Picha Uhindini, Mbeya: Kuskani Negativi ya Kichwa cha Treni cha Mvuke

Yeyote hapa Mbeya mwenye picha za zamani za filamu, na ambaye bado amehifadhi negativi zake (vipande vya filamu vilivyotumika kupigia picha hizo), namshauri azipeleke katika studio ndogo iliyopo Uhindini inayoskani filamu, kwa kuwa kazi iliyofanyika kwa negativi moja ya familia yetu ni nzuri mno, ingawa toleo la kwanza nililikataa.

Picha yenyewe ilipigwa stesheni ya Tabora katika miaka ya 1960, wakati baba yetu mkubwa alipokuwa fundi wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Inaonyesha kichwa cha treni cha mvuke kikiwa kimesimama, na watu waliokuja kukitazama wamejipanga ubavuni mwake. Nakala ya karatasi iliyokuwa ukutani ilikuwa imefifia na kuingia madoa, hata watu wale hawakuweza kutambulika. Kijana wa mapokezi aliichunguza, kisha akauliza, "Samahani Mwalimu, negativi yake ipo?" Kwa swali hilo nilijua nimefika mahali sahihi, maana studio nyingi hupiga picha juu ya picha na kukurudishia madoa yale yale.

Negativi ilikuwapo: filamu ya 120, mraba wa sentimita 6 kwa 6. Filamu nyeusi na nyeupe hushika taswira kwa chembe za fedha ndani ya jelatini, wala haina rangi za kuchujuka, kwa hiyo ikitunzwa pakavu hudumu sana. Adui wake katika mji wa baridi na mvua nyingi kama huu ni ukungu (kuvu), ambao ulikuwa umekwisha kula kona moja. Waliiskani kwa nukta 2,400 kwa inchi, na taswira iliyopatikana ina zaidi ya pikseli 5,000 kila upande. Katika ukubwa huo, tarakimu 30 zinasomeka mwanzoni mwa bamba la namba, na zilizosalia zimezibwa na bega la mtu. Ni kimojawapo, basi, cha vichwa vya daraja (aina) la 30, vilivyoundwa na kampuni ya North British mjini Glasgow katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kimoja kati yavyo, namba 3020 "Nyaturu", kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi.

Lakini hazina ya picha hii ni watu. Mama mmoja mwenye kanga ameweka kiganja juu ya gurudumu linalomfika kifuani, wavulana wawili wamekaza shingo kutazama bomba la moshi, na dereva ameegemea dirisha akiwaangalia wote kwa fahari isiyofichika.

Ndiyo maana toleo la kwanza liliniumiza. Programu ya kompyuta ilikuwa imelainisha nyuso zote mpaka mama yule akawa mtu mwingine kabisa, na moshi ulifutwa kana kwamba nao ni uchafu. Nilipoeleza, fundi alirudia kazi bila malipo, akaondoa ukungu na mikwaruzo tu.

Kwetu huku jambo hili si dogo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayopita Mbeya, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilianza moja kwa moja na injini za dizeli, na reli yake ya upana wa milimita 1,067 isingepokea vichwa vya Reli ya Kati inayopita Tabora, yenye milimita 1,000. Mtoto aliyekulia Mbeya hutegemea picha za namna hii kujua kichwa cha mvuke kilivyokuwa, kwa hiyo anastahili kuonyeshwa nyuso za kweli.

Kuskani negativi moja ni shilingi 10,000, na kuchapa nakala kubwa hulipiwa kando. Karatasi yao ni nzito na weusi umekolea vizuri. Negativi hurudishwa ndani ya bahasha safi ya karatasi. Unapokabidhi kazi, omba iandikwe kwenye risiti kwamba nyuso zisiguswe.