Vyakula ninavyoagiza kwenye migahawa midogo ya kigeni

Kwenye hii migahawa midogo ya kigeni iliyojaa kila jiji kubwa, ile ya meza chache na menyu ndefu, mi msimamo wangu ni mmoja, agiza kitu ambacho jikoni wamekianza toka asubuhi au toka jana.

Namba moja kwangu ni Waethiopia. Doro wat jamani! Huo ni mchuzi wa kuku, vitunguu vingi mno vinakatwa vidogo sana vinapikwa taratibu bila mafuta mpaka viyeyuke kabisa, ndo inaingia berbere, ule unga wao wa pilipili na viungo, na samli yao yenye viungo, halafu kuku na mayai ya kuchemsha. Ukiletewa mchuzi mwepesi na vipande vya kitunguu bado unaviona ujue wameharakisha, ule wenyewe ni mzito, mwekundu wa kukolea na unashika vizuri kwenye injera, ule mkate wao mlaini kama chapati pana. Injera nayo iangalie, unga wa teff, nafaka yao ndogo sana, unachachushwa siku kadhaa kwa hiyo lazima uwe na vitundu vidogo vidogo vimejaa juu na uchachu uusikie. Na tafadhali usiache ile iliyotandikwa chini kwenye sinia, imenyonya michuzi yote, utamu wote uko pale.

Kama huli nyama ulizia beyaynetu, sinia la michuzi na mboga mchanganyiko juu ya injera, hasa Jumatano na Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia siku hizo wanafunga, hawagusi nyama wala maziwa wala mayai, so adesi, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) na mboga za majani ndo vyakula vyao wenyewe siku hiyo na jikoni wanavipika kwa umakini kweli.

Kwa Wavietnam chukua pho ya ng'ombe, supu ya tambi za mchele. Mifupa inachemka masaa mengi na mdalasini, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa kwanza motoni, sasa mtu anaketi anamwaga sosi na pilipili kabla hajaonja hata kijiko kimoja, inaniuma sana! Onja supu kwanza ikiwa tupu, ndo uweke ndimu na majani, na usipige stori nyingi maana tambi zikikaa zinalegea.

Wakorea mi naenda kwa soondubu, tofu laini (ile ya maziwa ya soya yaliyogandishwa) kwenye mchuzi wa pilipili, inafika mezani bado inatokota unapasulia yai humo humo. Vile visahani vya kimchi, kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, na mboga mara nyingi ni bure na wanaongeza ukiomba, we omba tu.

Falafel za Walebanoni, yale madonge ya dengu, ni za kukaanga ndio, ila dengu zake zinalowekwa usiku kucha na kusagwa mbichi. Ipasue moja, nje ikwaruze ndani iwe na ukijani wa majani. Ukikuta zimekaangwa mapema zimerundikwa kwenye kabati la kioo achana nazo, chukua hummus, dengu zilizopondwa laini na ufuta, na mkate wa moto.